Bibi Mwenye Mvi Juu ya Sikio

Kinyozi wetu wa Rusimbi, mjini Kigoma, alikuwa na mke, na mke huyo alimpotea ziwani siku waliyokimbia vita kutoka Kongo. Naliweka jambo hili mwanzo kabisa kwa sababu sisi majirani zake tulichelewa mno kulijua, na kuchelewa kwetu kukamharibia maisha. Sitaki msomaji naye azungushwe kama tulivyozungushwa sisi. Kule ng'ambo watu walikuwa wakisukumana ufukweni kugombea maboti. Yeye akaishia kwenye boti moja, mkewe kwenye jingine. Boti la mume likapinduka. Wavuvi wa dagaa wakamwokota, wakamshusha upande wetu, na tangu hapo hakuacha kumtafuta yule mwanamke.

Jina lake silitaji. Hata mtaani hakuna aliyelitumia. Alikuwa Kinyozi tu, kana kwamba hapakuwa na kinyozi mwingine toka Mwanga mpaka Ujiji, na kwa kweli kwetu sisi hakuwapo. Kibanda chake cha mabati kilikuwa kando ya barabara, kina kioo kirefu, kiti cha mbao alichokiwekea mikono mwenyewe, na ndoo ya maji iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Ukiingia ulikuwa unasikia harufu ya spiriti na ya poda ya watoto.

Nilianza kukaa kwenye kiti kile nikiwa msichana wa shule ya msingi. Shule ilipokaribia kufunguliwa, wasichana wote tulipelekwa kunyolewa, maana ndiyo ilikuwa sheria, na mama zetu hawakutaka aibu ya kurudishwa na mwalimu wa zamu. Tulikuwa tunalia foleni nzima. Kinyozi mwenyewe hakuipenda kazi ile. Alikuwa anazishika nywele zako kwanza kwa vidole, anazipima, halafu anasema, "Samahani, mama," ndipo anawasha mashine. Kila kichwa kiliombwa radhi peke yake. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa sokoni, hakuna mtu aliyewahi kuniomba radhi, na huyu mtu mzima alikuwa ananiita mama. Kwao ndivyo wanavyomheshimu mtoto wa kike. Nilimpenda kuanzia siku ile.

Leo mimi ni msusi. Nina saluni yangu Mwanga, na karibu kila jambo la maana ninalowaambia wateja wangu nililisikia kwenye kibanda kile. Usichane nywele kavu. Lowesha, paka mafuta, anza kwenye ncha upande taratibu kuelekea kichwani, na ukikutana na fundo lifungue kwa vidole. Ukisuka mpaka ngozi ya paji inavuta nyusi, fumua hata kama umesuka kutwa nzima, kwa sababu nywele za pale mbele zikishang'oka na mizizi hazirudi. Usipake dawa ya kulainisha kwenye kichwa ulichojikuna. Ndevu zinyolewe kwa kufuata zinakoelekea, ukizinyoa kinyume utaota vipele halafu uje kumlaumu kinyozi. Mtoto mwenye mapunye hakumnyoa. Alimwelekeza mama yake zahanati, na hakumuuzia dawa ya kubahatisha. Kila kichwa kilipata wembe mpya, na wembe wenyewe aliufungua kwenye karatasi yake mbele ya macho yako, kwa sababu miaka ile watu walikuwa wanaogopa ukimwi mpaka wa kwenye kivuli.

Mafuta aliyoyaamini yalikuwa ya mise tu, haya tunayokamua kwenye kokwa la mchikichi. Vijana walikuwa wanamletea mikebe ya mafuta ya dukani yenye picha za wanawake wa Ulaya, yeye anainusa, anairudisha.

"Hii ni ya kuosha magari," anasema. "Kichwa chako kimekula mawese tangu tumboni, leo unakipakia nini?"

Mitindo hakuipinga. Wakati wa panki alinyoa panki zilizosimama kama tofali, wakati wa kipara akang'arisha vipara. Alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Kalikiti, ile ya mawimbi ya dawa, aliiona kama nywele zinazotoka jasho. Yebo yebo aliipenda kwa sababu haivuti. Aliposikia mabutu, yale mafundo ya nywele wanayofungwa watoto, alicheka mpaka akaweka mashine chini, akasema kwao ungelitamka neno hilo ungeangalia nyuma kwanza, kwa jinsi linavyofanana na jina la rais wao wa zamani. Mtindo mmoja tu ulimuudhi, ule wa kurudisha nywele zote nyuma kwa mistari ya harakaharaka unaoitwa twende kilioni.

"Ninyi watu," alisema, "mnawezaje kuvaa msiba kichwani na hakuna aliyekufa?"

Tulicheka. Tulikuwa tunacheka sana pale kibandani, na mimi nikikumbuka kicheko kile leo moyo unaniuma, kwa sababu mtu aliyetuchekesha alikuwa kila saa anatazama barabarani.

Miaka ile wakimbizi walikuwa wengi. Walitoka Burundi, walitoka Kongo, na serikali ilitaka wote wakae kambini, huko bara, mbali na ziwa. Waliokutwa mjini bila kibali walipakiwa kwenye malori. Kinyozi hakutaka kwenda kambini hata kidogo. Kwanza aliamini kwamba habari ya mkewe ingefika kwa maji: mwanamke yule alikuwa binti wa wavuvi, kama yu hai atakuwa ameshikamana na ziwa, na watu wote wa ziwa mwisho wao ni Kibirizi, ufukwe wa wavuvi hapa mjini, na wa Kibirizi wakitaka kunyolewa wanapanda Rusimbi. Pili, alikuwa na kiburi. Ukimwita mkimbizi anakukatalia kavukavu.

"Mimi si mkimbizi. Mimi ni kinyozi."

Ili asipakiwe kwenye lori, ilimpasa aongee kama sisi. Alipofika alikuwa anasema ninakuya, anasema mutoto, anasema vitu mingi. Wateja wakamrekebisha. Mtu yuko kwenye kiti, povu limejaa shavuni, anasema, "Kinyozi, hapa tunasema vitu vingi," naye anarudia, "Vingi, vingi, vingi," huku wembe unatembea. Alijifunza haraka kwa sababu ya woga. Haikupita muda mrefu akawa anaongea kama aliyezaliwa Ujiji, mpaka maofisa wa Uhamiaji wenyewe walikuwa wanakuja kukaa kwenye kiti chake na kumlalamikia juu ya Wakongo wanaojificha mjini. Anawasikiliza, anawapangusa shingo, anawaambia, "Kazi yenu ni ngumu, wazee."

Neno moja tu halikurekebishwa. Kwao, mke ni bibi. Mwanamume anasema bibi yangu kama sisi tunavyosema mke wangu. Kwetu bibi ni mama yake baba au mama yake mama, kikongwe wa kukupigia hadithi na kukuficha ukichapwa. Kinyozi aliposema, "Bibi yangu alipotea ziwani," hakuna aliyesikia kosa. Kila mtu ana bibi. Watu walisikitika, wakasema pole, bibi ni mtu mkubwa sana, wengine wakaanza kuwataja bibi zao. Wazee wa Ujiji ambao babu zao walitoka ng'ambo wangemwelewa mara moja, lakini hao ndio aliowaogopa kuliko wote, maana wangemtambua, kwa hiyo mbele yao hakufungua kinywa. Aliyatoa ya moyoni mbele ya watu ambao hawakuweza kumwelewa.

Mama yangu mkubwa, dada yake mama, alikuwa mmoja wa watu hao. Kwao ni Kalinzi, kule mlimani kwenye kahawa, na Kiswahili alikipata ukubwani baada ya Kiha. Alikuwa ananunua dagaa Kibirizi, anawapeleka kuwauza kwenye soko la kambini. Mwanamke wa sauti kubwa, mkweli, mwepesi wa kutania. Kwa kuwa Kinyozi alikuwa analilia bibi yake, alimpachika jina la Mjukuu.

"Mwakeye, Mjukuu!" alikuwa anamwamkia kwa Kiha kutoka barabarani, kichwani ana gunia.

Kinyozi anaitika, anatabasamu. Baadaye alituambia kwamba siku zote alidhani ni utani wa Kiha.

Siku waliyoelewana vibaya nilikuwapo, nimekaa kwenye benchi nangoja kunyolewa. Ulikuwa mwaka uleule aliofika. Hapakuwa na mteja mwingine, ndiyo maana akathubutu.

"Mama," alimwambia, "weye unafikaka kambini?"

"Kila wiki. Dagaa wangu wanaliwa na nani kama si hao?"

"Uniulizie bibi yangu. Boti yao ilifika, nimesikia ilifika, lakini sijui walipelekwa wapi." Akamtajia jina.

"Nitamjuaje? Watu kule ni wengi, Mjukuu."

Kinyozi akainua mkono, akagusa kichwa chake juu ya sikio la kushoto. "Ana mvi hapa."

"Mvi," alisema mama mkubwa, na akatikisa kichwa kwa heshima. "Ego, ndiyo, nimeelewa. Nitamtafuta kama wangu."

Yule mwanamke alikuwa msichana mbichi, ameolewa juzi. Mvi ile ilikuwa ya kuzaliwa nayo, kishungi cheupe kimoja katikati ya nywele nyeusi tii, na kinyozi gani asingetaja nywele kwanza? Angetaja pengo la jino, au kimo, au kovu, mambo yangekuwa mengine. Lakini alisema bibi, kisha akasema mvi, na mama mkubwa akatoka pale na picha ya ajuza kichwani mwake.

Na alimtafuta kweli. Hili nalisema kwa sababu watu walikuja kumsema vibaya. Alizunguka kambi ile na kapu lake, aliwauliza wanaopanga foleni ya unga, aliingia kanisani, aliingia kwa wagonjwa. Kila alipouliza alisema ana shida na bibi kizee mmoja mwenye mvi, jina lake fulani. Akajibiwa hayupo. Mtu mmoja akamwambia mwenye jina hilo yuko mmoja pale bombani, lakini ni mjane mdogo tu. Mama mkubwa akaenda mpaka bombani akamwona. Msichana alikuwa anakinga maji, amenyolewa kichwa chote kwa ajili ya msiba wa mumewe. Waliofika kwa maboti mengine walimwambia kwamba la mumewe liliwazamia machoni. Wakaomboleza, wakamnyoa kama wajane wanavyonyolewa, na kishungi kile cheupe kikaanguka chini pamoja na nywele nyingine.

Mama mkubwa akamtania kidogo, akampa dagaa wa kujaza mkono mmoja, akaondoka.

"Mjukuu," alimwambia Kinyozi aliporudi, na siku hiyo hakupaza sauti, "bibi yako kambini hayupo. Nimezunguka kote."

Kinyozi alimshukuru. Aliendelea kumwuliza kwa miezi mingi, kisha akaacha kuuliza, akahamishia matumaini yake yote kwenye ziwa.

Upole wake ulikuwa na mipaka, na niliiona siku walipokuja watu wa Kibirizi na mjane. Mvuvi wao alikuwa amezama, wiki zimepita, matanga yanakwisha, wakataka shemeji yao anyolewe ili apumzike. Mama wa watu alikuwa amekaa kitini ameinamisha kichwa, kitambaa ameshakivua.

"Mlimzika wapi?" Kinyozi aliuliza.

"Amezama, Kinyozi. Tungezika nini?" alisema kaka wa marehemu.

"Basi sikati."

Wakadhani hakusikia. Wakamweleza upya. Yeye akakunja kitambaa cha shingoni, akakiweka kwenye ndoano.

"Hamjamwona maiti, hamjamzika. Mkimnyoa huyu mama leo, kesho mtu wake akitokea mtamwambia nini?"

"Wewe ni kinyozi au padri?" yule kaka akafoka. "Unamtesa mwanamke wa watu kwa nini?"

Mjane akaanza kulia kwa kwikwi. Wakamchukua, wakaenda kumnyoa kwingine, na kwa muda mrefu ukoo ule haukukanyaga tena Rusimbi. Mimi nilimchukia Kinyozi siku hiyo. Mtu aliyekuwa anaomba radhi kwa kunyoa wanafunzi alimnyima mjane haja yake, na hakujuta. Mama mkubwa naye alimgombeza wazi, akamwambia yule mama alitaka kulala usingizi tu, basi. Kinyozi akajibu kwamba nywele za mjane ndizo mlango, zikishaanguka umeufunga, aliye nje atabaki nje. Hakuna aliyemwelewa. Tulisema labda ni dini yao.

Na bado Waislamu wa Ujiji walimwita yeye, Mkristo, kunyoa nywele za kwanza za watoto wao wachanga kwenye akika. Hakuna mkono uliokuwa mwepesi kama ule. Alikuwa anaupulizia wembe pumzi kama mtu anayepasha vidole, ili usimguse mtoto ukiwa wa baridi. Akimaliza anamrudisha mtoto kwa mama yake na kutoka nje, anasimama kando, na ukimfuata unakuta amefunga macho. Kila mwaka alipelekewa majina ya mabinti wa kuolewa. Alikuwa safi, ana kazi, hanywi. Jibu lake lilikuwa moja: "Nina bibi." Wachumba waliudhika. Mtu mzima anakataa kuoa kwa sababu ya bibi yake? Mjumbe mmoja alirudi akasema huyu Kinyozi labda hana akili timamu.

Jinsi tulivyokuja kujua, ilikuwa hivi. Kongo ilitulia kidogo, meli zikaanza kuwarudisha watu kutoka bandari ya Kigoma. Kambi ikawa inapungua. Mimi nilikuwa nimeshamaliza shule, najifunza ususi, na siku hiyo nilimsindikiza mama mkubwa kibandani kwa sababu alitaka kupunguza nywele. Alikuwa kitini, Kinyozi yuko nyuma yake na mashine.

"Biashara imekufa," mama mkubwa alikuwa anasema. "Wanauza hata masufuria, wanaondoka. Juzi nimemkuta yule binti wa bombani anauza ndoo zake. Wanarudi kwao na mumewe na watoto. Unamkumbuka? Yule niliyekuambia ana jina la bibi yako."

"Hukuniambia," Kinyozi alisema.

"Sikukuambia? Basi nilisahau, ilikuwa kichekesho tu. Mjane mdogo, kichwa kipara, nikasema huyu naye kajipa jina la wazee. Na cha ajabu, Mjukuu, siku hizi ameota mvi hapa pembeni, yeye na ujana wake! Jina moja, mvi moja." Akacheka.

Kinyozi alizima mashine.

"Sikio gani?"

Mama mkubwa akainua mkono wake wa kushoto kujigusa, bado anacheka, na kwenye kioo akaona uso wa mtu aliyekuwa nyuma yake. Kicheko kikakatika.

"Mjukuu, nini? Yule ni mtoto. Wewe si unatafuta bibi?"

"Bibi yangu," alisema Kinyozi. "Bibi yangu. Mwenye nilioa."

Hapo Kiswahili chetu chote alichojifunza kilimtoka. Alisema mengi, kwa lugha ya kwao, haraka, na mimi niliokota vipande tu, mtumbwi, maji, baba yake, harusi. Mama mkubwa alisimama na kitambaa shingoni. Nilimwona anahesabu kimya, anarudi nyuma mwaka mmoja baada ya mwingine, mpaka alipofika bombani, na alipofika akakaa sakafuni kwenye nywele za watu akaanza kupiga yowe la Kiha, lile la msiba. Watu wa barabarani wakajaa mlangoni wakidhani mtu amekufa.

Kesho yake walikwenda wote wawili na lori la dagaa. Kinyozi hakukumbuka kuogopa lori siku hiyo. Niliyoyajua ya kambini aliniambia mama mkubwa, na aliyasimulia mara moja tu. Yule mwanamke alikuwa anafunga mizigo. Alipomwona mtu amesimama pale, hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume mpaka mgongo wake ukagota ukuta. Mume wake wa pili akatoka, akaambiwa, akaingia ndani, akatoka na kigoda, akampa Kinyozi akae. Akamletea na maji. Mama mkubwa alisema hapo ndipo yeye alipovunjika, kwa sababu alikuwa anaomba Mungu yule mwanamume awe mtu mbaya, na hakuwa. Wazee wa Kikongo wakaitwa. Kukawa na maneno. Mama mkubwa alikaa nje na watoto, na mdogo wao, msichana, alikuwa na kishungi cheupe juu ya sikio.

Jioni walirudi wawili, kama walivyokwenda. Njiani mama mkubwa aliomba msamaha mpaka sauti ikakauka. Kinyozi alimwambia, "Ulitafuta, mama. Nilisema bibi, ukatafuta bibi." Hakuwa anamfariji. Alikuwa anasema ilivyokuwa, na mama mkubwa alisema bora angempiga. Hakurudi tena kuuza dagaa kambini. Mpaka anakufa, ukimtania kwa neno bibi, anainuka anaondoka.

Meli iliyomchukua yule mwanamke na familia yake iliondoka. Kama Kinyozi alikwenda bandarini sijui. Kibanda kilifungwa siku ile na zilizofuata, baadaye mtu mwingine akakifungua akauza vocha. Tulisema amerudi kwao, na tukalisema kwa namna ya kujipoza.

Nilimwona tena baada ya miaka. Nywele zangu zilikuwa zinakatika. Mimi msusi, ninayefundisha watu, nilikuwa nimepaka dawa kali kwenye kichwa nilichojikuna, mbele kukaungua, na sikutaka wateja wangu wala wenzangu wa Mwanga waone. Mtu akaniambia yuko mzee ananyoa wavuvi Kibirizi, chini, kwenye mchanga wanakoanika dagaa. Nikajifunga kilemba nikaenda. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake. Hana kibanda, hana umeme, ana mkasi, kitana, na kreti la soda la kukalia mteja.

"Shikamoo, Kinyozi."

"Marahaba, mama." Akafungua kilemba changu mwenyewe, akaangalia, akavuta pumzi. "Nani kakufanyia hivi?"

"Mwenyewe."

Hakunisema. Alianza kukata, taratibu, akitafuta mahali ambapo unywele mzima ulianzia. Maboti yalikuwa yameingia, wachukuzi wanapita na mabeseni, wanawake wanabishana bei. Nikamwuliza kwa nini hakurudi kwao na wengine.

"Kwetu ni yeye," alisema. "Wamejenga palepale kwa baba yake. Nikirudi tutaonana kila siku. Ana watoto. Mume wake mtu mzuri."

Akakata kidogo.

"Siku ile kambini walituacha wawili tukaongea," akaendelea, bila mimi kumwuliza. "Wazee walisema tupewe nafasi. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyapanga miaka yote, yakapotea. Na yeye hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu. Aliuliza, ulikuwa wapi? Nikamwambia, nilikuwa Rusimbi, nanyoa watu. Hapajui. Akauliza, ni mbali?"

Mkasi ulisimama.

"Nikamwambia hapana, si mbali. Ukipanda lori asubuhi, saa sita umefika."

Sikugeuka. Nilisikia anavyolia juu ya kichwa changu, wazi, mbele ya wavuvi, na mimi nikashika magoti yangu nikalia naye.